Niru ya Fundi Pazi

Kaburi la fundi Pazi lilijifukia lenyewe kwa mara ya tatu kabla Sabra hajamaliza kupepeta mchele wa msiba. Alikuwa amekaa kwenye kigoda uani kwa marehemu, ungo magotini, Abuu mchimba kaburi alipoingia na jembe begani, udongo umemganda mpaka kwenye nyusi.

"Udongo umerudi," alisema Abuu.

"Wote?" aliuliza Chausiku, mjane, kutoka nyuma ya pazia la mlango. Alikuwa ameshaingia eda, kwa hiyo siku hizo alikuwa sauti tu.

"Wote, mama. Na safari hii umerudi na mche wa boga juu yake."

"Boga la kwetu au la mwitu?"

"La kwenu. Majani yake mapana."

"Basi msilikanyage."

Wanawake waliokuwa wakikuna nazi waliendelea kukuna. Mmoja alisema kama mambo ndiyo haya bora mchele upikwe nusu, maana wachimbaji watakula tena kesho. Sabra akapunguza mchele.

Kijiji hicho kiko juu ya Matombo, pale barabara inapokata tamaa na kuwaachia pikipiki. Watu wake hukausha pilipili manga kwenye mikeka, huteremka na mikungu ya ndizi vichwani, na wakifa huzikwa. Hilo la mwisho halikuwahi kuwa na ugumu. Kila ukoo una watani wake, na msiba ukitokea watani ndio wenye kazi. Huingia kaburini wakalala chali na kukataa kutoka. Huiga sauti ya marehemu. Humwambia mjane amekonda vizuri, sasa atapata mume wa maana. Huiba kuku wa msiba mchana kweupe, na hakuna anayeruhusiwa kununa. Kuna ukoo ambao watani wake ni watu wa pwani, na kuna ukoo ambao watani wake wanakaa ng'ambo ya bonde. Ukoo wa mama yake Pazi, watani wao ni vyura.

Ilianzaje, kila mzee ana lake. Linaloaminika zaidi ni kwamba bibi mmoja wa zamani alimkalia chura kwa bahati mbaya, na yule chura badala ya kufa akamtukana. Bibi akarudisha tusi, chura akaongeza, wakaendelea hivyo mpaka jua likazama, na kufika hapo walikuwa wameshakuwa ndugu.

Tangu wakati huo vyura hawakukosa msiba wa ukoo ule. Alipokufa mama yake Sabra, ambaye ndiye dada yake Pazi, waliteremka kutoka msituni kwa mstari mmoja mrefu: wakubwa kama ngumi wenye mapele mgongoni, wadogo kama punje za mahindi, na wale wa ndani kabisa, wasiotaga mayai bali huzaa watoto waliokamilika kama watu, walikuja na mimba zao. Mmoja alipanda kwenye kofia ya Maalimu Luqmani akakaa hapo dua nzima. Wengine walijaza kaburi, wakavimbisha makoo, wakaiga jinsi marehemu alivyokuwa akiwaita kuku wake jioni, wa huku akiita, wa kule akiitikia, mpaka kuku wenyewe wakaja. Watu walicheka huku machozi yakiwatoka, na udongo ukalegea kama unga wa muhogo. Maana udongo wa ukoo ule haufunguliwi na jembe. Jembe linabisha hodi tu. Mlango unafunguliwa na kicheko.

Safari hii hakuna chura aliyekuja.

Kumwita mtani ni kazi ya mtoto wa dada, na mtoto wa dada alikuwa Sabra. Alitoka Kihonda, anakoshona sare za shule, akaacha magauni ya watu nusunusu na kupanda mlima. Alisimama kando ya dimbwi la chini ya msitu, akapiga kitako cha kibuyu kama mama yake alivyomfundisha, akawatolea matusi ya heshima: "Enyi wenye macho ya kutoka! Enyi msio na shingo! Mwenzenu amekufa, njooni mle!" Alisubiri. Mbali, kwenye bomba la kijiji, tone moja la maji lilidondoka kwenye ndoo. Hakukuwa na jibu lingine.

Sasa kaburi lilipojifukia mara ya tatu, fundi Pazi, ambaye alikuwa kwenye jeneza chini ya mfenesi akisubiri zamu yake, aliinuka akakaa.

"Mbona hamnizamishi?" aliuliza.

"Fundi, umeshaoshwa na umeshaswaliwa," alisema Maalimu Luqmani. "Lala, usitutie ugumu."

"Nitalala vipi, Maalimu? Mbao hizi hazikupigwa randa."

Maalimu aliitazama sanda, akalitazama jua, akaona kwamba kwa kweli mtu hawezi kukaa juani vile. Akamruhusu arudi nyumbani kwa muda. Pazi akatembea polepole, sanda ikiburuza kwenye majani, akiwaitikia salamu waliompa shikamoo njiani.

Chausiku alimsikia akipanda ngazi.

"Umerudi kufanya nini? Mimi nimeshaanza eda."

"Nimekuja kusubiri."

"Subiria barazani. Humu ndani huingii, mimi mjane."

"Sawa, mke wangu."

"Mke wako nani? Ulikufa."

"Sawa, Chausiku."

Akaketi kwenye benchi la barazani. Sabra alimletea uji kwa mazoea, naye akausukuma pembeni kwa adabu. Hakunuka, isipokuwa harufu kidogo ya saruji mbichi aliyokuwa nayo tangu ujana. Macho yake yalikuwa makavu, hayafumbi.

"Sina njaa, Sabra. Nimechoka tu," alisema. "Hujui uchovu huu. Ni kama kumaliza kuezeka nyumba nzima, halafu unaambiwa usishuke paani."

"Nitakuzika, Mjomba."

"Ndiyo. Fanya hivyo, mwanangu."

"Watani wako wapi?"

Pazi alitazama juu, upande wa msitu, kisha akatazama kucha zake. Akakohoa kikohozi chake, kile cha mafundi waliokula vumbi la saruji miaka mingi, khm, kama mtu anayetaka kuanza hotuba. Hotuba haikuja.

Asubuhi Sabra alipanda mpaka kwenye tangi.

Tangi la chanzo lilijengwa kwenye mdomo wa msitu, kati ya miti na dimbwi, ili maji yateremke kijijini kwa mserereko bila mashine. Lilikuwa refu kama darasa, wazi juu, na kina chake kilimzidi mtu mzima. Kuta za ndani zilikuwa kazi ya Pazi. Alizipiga niru, uji laini wa saruji tupu, kwa siku nyingi, akachuchumaa, akalamba ukuta kwa mwiko mpaka ukang'aa kama sahani ya kaure. Nzi akitua hapo alilazimika kujaribu mara mbili. Siku ya uzinduzi watu wa mradi wa maji waliupiga picha ule ukuta zaidi kuliko walivyowapiga picha wanakijiji, na Pazi alisimama pembeni, mikono nyuma, akijifanya hasikii anavyosifiwa. Chausiku ndiye aliyekinga ndoo ya kwanza. Alipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka, na alikuwa na haki, kwa sababu tangu ajue kutembea alikuwa akishuka bondeni kuchota maji na kupanda nayo.

Hakuna aliyeuliza pale walipojenga ni njia ya nani. Vyura hutoka msituni mvua za kwanza za vuli na za masika zinapoanza, hushuka dimbwini kuoana, kisha hurudi. Njia yao ni ile ile waliyoachiwa na babu zao, na tangi lilikuwa limekaa katikati yake.

Thobias, mlinzi, alikuwa ukingoni na wavu wenye mpini mrefu. Alikuwa mtu mpole, mwenye redio ndogo aliyoifunga kiunoni.

"Pole na msiba, dada. Mjomba ameshaingia?"

"Bado. Amekaa barazani."

"Nilijua tu." Akavuta wavu, akaumwaga juu ya majani. "Hao ndio wageni wenu."

Walikuwa wengi. Kulikuwa na wakubwa wa mapele, na wale wa mimba, na mijusi, na nyoka mmoja wa kijani aliyenyooka kama kamba ya viatu. Kulikuwa na vinyonga wa pembe pia, ambao kabla ya kufa walikuwa wamejaribu rangi zote walizokuwa nazo, na mwisho wakabaki na rangi ya saruji.

"Mwanzo wanaruka," alieleza Thobias. "Wakichoka kuruka wanazunguka. Wanafuata ukuta, wanatafuta mlango. Wanazunguka, wanazunguka. Halafu basi."

"Na wewe unafanya nini?"

"Nasubiri wamalize. Wakiwa hai wanarukaruka, wavu unapata tabu."

"Huwezi kuwatoa wakiwa wazima?"

"Nilishawatoa, dada yangu. Nikiwatoa leo, kesho wapo. Wanakwenda wanakokwenda."

Sabra alipiga magoti akachungulia. Kwenye chujio la bomba, kwenye ile kona ambayo maji hutoka kwenda kijijini, chura mmoja alikuwa ameng'ang'ania kwa vidole. Alikuwa hai. Sabra akamwinua kwa wavu, akamfunga kwenye pembe ya kanga. Kisha akachukua ubao uliobaki kwenye ujenzi, akauegemeza ndani ya tangi, ncha moja majini na nyingine ukingoni.

"Mwenyekiti hataki hivyo," alisema Thobias.

"Mwambie mimi ndiye niliyeweka."

"Nitamwambia. Ila atauliza mimi nilikuwa wapi."

Mchana huo msiba ulikusanyika tena makaburini. Fundi Pazi alikuja kwa miguu yake, akakaa kwenye ukingo wa jeneza ili asiwasumbue wabebaji. Sabra akafungua kanga, akamweka chura juu ya udongo, karibu na ule mche wa boga.

Chura alijipanguza uso. Alimtazama Pazi, akamtazama Maalimu, akavimbisha koo. Kisha akakohoa: khm.

Kilikuwa kikohozi cha Pazi hasa, chenye vumbi lake na majivuno yake. Abuu alipasuka kwa kicheko kabla hajajizuia. Hata Pazi alitabasamu, na sanda ikamtikisika mabegani. Udongo ulilegea. Abuu alitia jembe, likazama bila kelele mpaka mpini ukakaribia kugusa nyasi.

Halafu chura akanyamaza, akageuka kushoto, akageuka kulia. Alikuwa anangoja kujibiwa. Utani wao ulikuwa hivyo: mmoja anaanza, wa pili anadakia, wa tatu anakanusha, mpaka makaburi yote yanapiga kelele. Alingoja kwa adabu. Akakohoa tena, kwa sauti kubwa kidogo, kama mtu anayebisha hodi nyumba asiyoamini kwamba imehamwa. Khm.

Watu waliangalia chini. Abuu, kwa nia njema kabisa, akachuchumaa akajaribu kulia kama chura. Udongo ukakasirika ukajibana papo hapo, ikabidi avute jembe kwa nguvu.

Shimo lililobaki lilikuwa la urefu wa mkono mpaka kwenye kiwiko. Maalimu Luqmani alilipima kwa macho.

"Mtu haingii," alisema. "Lakini ni dhambi kuifunga tena ardhi iliyofunguliwa bila kuipa kitu. Kipi cha fundi kinaenea hapa?"

Wakazika mwiko. Uliletwa kutoka darini, ukafutwa, ukalazwa kwa upande wake wa kulia, ukafukiwa. Udongo ukatulia juu yake bila ubishi. Pazi alitazama mpaka mwisho, kwa jicho la mtu anayeona mwenzake amepata kiti garini.

Chura aliondoka peke yake, kurukaruka, kuelekea kule walikokuwa wenzake. Kesho yake asubuhi Sabra alimkuta kwenye wavu wa Thobias. Ubao ulikuwa umeegemezwa kwenye kibanda cha mlinzi, umeoshwa vizuri.

Sabra alikwenda kwa Evance, mwenyekiti wa watumia maji. Alimkuta penye bomba la katikati ya kijiji, akifunga kiungo kilichovuja, na wanawake wakiwa wamepanga ndoo zao nyuma yake. Evance alikuja huko kama mnunuzi wa iliki, akaoa, akabaki. Alikuwa mtu wa kazi, na bomba lolote likiharibika hakulala.

"Mwenyekiti, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Nilimpungia mkono mjomba asubuhi. Anaendeleaje?"

"Hajazikwa."

"Pole sana."

"Naomba ubao mmoja tu ubaki ndani ya tangi. Vyura wapandie watoke."

Evance alishusha spana. "Ubao utachafua maji."

"Na maiti je?"

"Maiti Thobias anatoa. Ubao unaoza humo humo."

"Basi weka mawe kwenye kona, kama ngazi."

"Mawe yanashika matope."

"Kwaruza ukuta upande mmoja tu, uwe na makwaruzo ya kushikia vidole. Mjomba mwenyewe atakuonyesha."

"Sabra, sikiliza. Mradi umekabidhiwa na umezinduliwa. Ukuta ule uko kwenye picha. Sasa nikaukwaruze, halafu tuzindue mara ya pili? Hakuna mradi unaozinduliwa mara mbili." Aliwageukia wanawake. "Mnataka nikwaruze?"

Wanawake walitazama ndoo zao. Mmoja alisema alikuwa anampenda sana fundi Pazi, alimjengea jiko lisilotoa moshi. Mwingine alisema ndoo yake ilikuwa ya kwanza. Kutoka mbali, nyuma ya pazia lake, sauti ya Chausiku ilivuka uwanja mzima:

"Mimi bondeni sirudi! Hata iweje!"

"Umesikia," alisema Evance, bila kufurahi. "Na habari njema ni kwamba yanakuja matangi mengine mawili, kwenye vijito viwili vya huko juu. Makubwa kuliko hili. Tungempa fundi kazi, kwa vile yupo yupo tu."

Walimwendea kweli. Pazi aliwasikiliza mpaka mwisho, akawaambia asingeweza, mwiko wake ulikuwa umezikwa. Walikubali kwamba hiyo ilikuwa sababu ya haki, wakatafuta fundi mwingine mjini.

Sabra alirudi Kihonda kumaliza magauni ya watu, akawa anapanda mlima kila alipopata nafasi. Kila alipofika, mjomba wake alikuwa kwenye benchi. Alipauka kidogo, kama kitambaa kilichosahaulika kwenye kamba. Watoto walimzoea, wakamtumia kama mahali pa kujificha. Sabra alimwambia habari za cherehani na wateja wabishi, na Pazi akasikiliza, na kila mazungumzo yalipokwisha aliuliza lile lile, kwa sauti ya chini, asiyetaka kuonekana msumbufu:

"Bado?"

"Bado, Mjomba."

"Haya."

Mara moja alimwambia jambo refu zaidi. "Nilidhani kazi ngumu ni kufa. Kumbe kufa ni rahisi, hata mtoto anaweza. Ni kulala ndiko kunakotaka watu."

Mvua za masika zilipokaribia, Chausiku alishikwa na homa akafa. Yeye hakuwa wa ukoo ule. Watani wake walikaa upande wa Mikese, walikuja wamejazana kwenye gari wakipiga honi tangu kona ya chini, wakaiba jogoo kabla hawajasalimia. Mmoja alivaa kanga za marehemu akafoka kwa sauti yake kwamba bondeni harudi, hata iweje. Mwingine alilala kaburini, akasema ni baridi nzuri, waliobaki hai walale na joto lao. Watu walicheka wakalia. Kaburi lilikaa wazi kama mdomo wa chungu, na alasiri haijaisha Chausiku alikuwa amelala.

Pazi alihudhuria. Alitupa konzi zake tatu za udongo, na udongo, alipoushika, ulimteleza vidoleni kama usiomjua. Watani wa Mikese walimtania.

"Na wewe mzee, umevaa kabisa, umechelewa nini?"

"Nasubiri watu wangu," alisema Pazi.

"Watu gani hao wasiokuja? Badilisha watu!"

Alicheka nao kidogo. Siku ya pili, mvua ya kwanza iliponyesha, benchi lilikuwa tupu.

Sabra alikuwa bado hajaondoka. Aliifuata alama ya sanda iliyoburuzwa kwenye matope mpaka juu, na alipofika, Thobias alikuwa amezima redio yake, amesimama kando kwa heshima. Fundi Pazi alikuwa ndani ya tangi, maji yamemfika kifuani.

"Mjomba, unafanya nini humo?"

"Nimewafuata," alisema Pazi. "Wao hawawezi kuja kwangu. Mimi naweza kuja kwao."

Na walikuwa wanaingia. Mvua ilikuwa imewaita, wakitoka msituni kwa mstari wao, na walipofika ukingoni walianguka mmoja mmoja, pwa, pwa, kama embe changa. Waliruka, wakateleza, wakaruka tena. Kisha wakamwona. Walipanda kifuani kwake kwa kushika sanda, wakajaa mabegani, mmoja mwenye mapele akakaa utosini kama kofia. Walihema kwanza. Halafu yule wa utosini akavimbisha koo.

Khm.

Wa begani akadakia: khm, khm. Wa upande wa pili akakanusha kwa kikohozi kirefu cha majivuno, cha fundi anayesifiwa huku anajifanya hasikii. Kinyonga mmoja aliyening'inia kwenye pindo la sanda akaukaza mwili na kujipaka kijivu chenye kung'aa, akaiga ukuta. Hapo Pazi alicheka. Alicheka kwa kelele, kichwa nyuma, vyura wakiyumba mabegani mwake kama abiria. Thobias alicheka. Sabra alicheka, amekaa chini kwenye matope, mikono kichwani, machozi na mvua havitofautiki. Ulikuwa utani kamili, wa kuanza na wa kudakia na wa kukanusha, kama ule wa mama yake. Udongo wowote ungelegea kama unga.

Chini ya miguu ya Pazi kulikuwa na zege. Alilichanganya mwenyewe, kokoto safi, mchanga wa mtoni, saruji bila ubahili. Halikufanya ufa.

Alingoja. Kicheko kilipungua. Alibonyeza sakafu kwa kisigino, mara moja, mara mbili, kisha akaacha.

"Tusaidiane, angalau watoke," alimwambia Sabra. Aliwaweka wawili viganjani, akainua mikono, akasimama kwa ncha za vidole. Ukuta ulizidi kwa kiganja kimoja. Vyura walinyoosha miguu yao, wakaigusa niru, wakateleza wakarudi kifuani kwake. Sabra alilala kifudifudi ukingoni akanyoosha mkono, akampata mmoja, akampata na mwingine, akawaweka kwenye majani. Wakakaa kidogo. Wakapumua. Kisha wakageuka kuelekea dimbwini, na mbele ya dimbwi kulikuwa na tangi. Pwa. Pwa.

Sabra aliteremka kwa Evance, miguu imejaa tope.

"Mjomba yuko ndani ya tangi."

"Thobias amenipigia simu."

"Hawezi kutoka. Ukuta unateleza. Naomba ule ubao."

Evance alifuta spana kwa kitambaa. Macho yake yalikuwa mekundu. Haikuwa rahisi kwake, na kila mtu aliona.

"Akitoka atakwenda wapi, Sabra? Barazani?"

Sabra alikung'uta tope miguuni.

"Na ubao," alisema Evance kwa upole, "utachafua maji."

Kabla masika hayajaisha uzio uliwekwa kuzunguka tangi, wa seng'enge, wenye matundu ya kutosha chura kupita. Fundi Pazi hakuzama, kwa kuwa mtu hafi mara mbili. Watani wake hawakuwa na bahati hiyo. Tangini hakuna cha kula, wala mahali pa kukauka isipokuwa kichwa cha mzee mmoja, nao walinyamaza mmoja mmoja pale pale juu yake, wa kukanusha kwanza, kisha wa kudakia. Thobias aliwatoa kwa wavu kila asubuhi. "Samahani, fundi," alisema akipitisha mpini karibu na sikio lake. "Bila samahani," alijibu Pazi. Baada ya kazi hiyo Pazi aliweka mkono wake ukutani, kwenye ile niru yake, akaanza kuzunguka. Alifuata ukuta, pole pole, kona hadi kona, akipapasa. Matangi mawili ya juu yalikamilika kwa wakati. Fundi wa mjini alipiga niru nzuri, ingawa waliokumbuka walisema haikufikia ile ya Pazi.

Siku ya kurudi Kihonda, Sabra alipanga foleni bombani ili amwachie jirani maji ya kunyweshea lile boga la kaburini. Alikuwa amekwenda kwanza makaburini, kwenye eneo la ukoo wake, akasimama juu ya udongo uliokuwa karibu na mama yake. Aliukanyaga kwa kisigino. Ulikuwa mgumu kama kizingiti.

Zamu yake ilifika. Akafungua koki.

Bomba lilikohoa. Khm. Halafu likanyamaza kidogo, kama linalongoja kujibiwa.

"Huwa linafanya hivyo," alisema mwanamke wa nyuma yake. "Subiri tu, yanakuja."

Sabra alifungua mdomo. Hakujua aanze vipi, na peke yake angekuwa kama Abuu kule kaburini, angelikasirisha bomba tu. Akaufunga.

Maji yakaja, safi, baridi ya mlimani. Ndoo ikajaa, akaitua pembeni, na foleni ikasogea.